Mtambo wa Kumrushia Mama Muziki

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya likizo. Nimeomba siku saba dukani ili nimuuguze Mama. Bosi alikuna kidevu, akasema duka la rangi halijawahi kufungwa kwa kumkosa muuzaji mmoja, niende tu. Sikupenda alivyolisema.

Niiandike hali yote ilivyo, ili siku moja ijulikane nani alikuwa na haki. Mama alianguka bafuni miezi mitatu iliyopita, akaumia nyonga. Sasa anatembea kwa mkongojo: kitandani mpaka kwenye kiti chake cha sebuleni, na kurudi. Dada anataka kumchukua akakae kwake. Anasema mimi siwezi kutunza hata mswaki wangu mwenyewe. Mimi nataka Mama abaki hapa, kwenye nyumba aliyokaa miaka arobaini. Akiondoka nitabaki na kuta. Nimelisoma tena hilo na limeniumiza, lakini silifuti.

Kinachoniponza ni redio. Marehemu Baba alikuwa fundi cherehani siku za kazi na mpiga gitaa kwenye maharusi. Aliacha kaseti arobaini na moja alizojirekodi hapa hapa nyumbani, akifanya mazoezi, akikohoa, akiuliza chai yake imeishia wapi. Kila alasiri Mama alizisikiliza kwenye redio kaseti yake. Wiki mbili zilizopita redio hiyo nilibadilishana na mtu kwa mashine ya gemu. Imetumika kidogo tu! Na nilikuwa na sababu. Kaseti zote nilikwisha kuziingiza kwenye kompyuta mwaka jana, kwa mikono yangu hii. Na huyo mtu aliniapia kwamba mashine yake inavuta muziki kutoka kwenye kompyuta, bila waya, na kuutolea kwenye televisheni. Sasa redio ya nini? Kwamba mashine inacheza mpira pia, hilo ni jambo la pembeni.

Tangu siku ile Mama hajasikia wimbo hata mmoja. Wala hajalalamika. Heri angelalamika.

Dada alipogundua jana alinipa vidonge vyangu mpaka nikakosa pa kuangalia. Mwishowe akatoa hukumu: Jumapili anarudi na mumewe na gari. Akimkuta Mama hapa sebuleni anasikiliza kaseti za Baba, roho yake imetulia, basi atabaki. La sivyo, nguo za Mama zinaingia kwenye buti. Nikamjibu kwamba ikifika Jumapili Mama atabonyeza kitufe kimoja na marehemu ataimba mwenyewe. Shemeji akainuka. Alitoa bisibisi mfukoni, akaenda kukaza bawaba ya mlango wa jikoni. Mtu gani anatembea na bisibisi mfukoni siku ya mapumziko?

Leo nimewasha vyote viwili. Mashine ya gemu inasema haioni kompyuta yoyote. Haioni! Kompyuta ile ni nzito kama gunia la saruji na iko chumba cha nyuma, hatua kumi na nne kutoka ilipo. Nimezihesabu mara mbili.

Jumanne, 4 Machi

Mama ameuliza kwa nini nisiilete tu kompyuta sebuleni. Nimemweleza taratibu. Kompyuta haisogezwi. Waya wake wa umeme umelegea na umekazwa kwa ganda la kiberiti lililokunjwa, nao unakubali kwa pembe moja tu. Ukiigusa meza, inazimika, na kuiwasha tena ni kazi ya asubuhi nzima. Akauliza kama basi yeye anaweza kwenda chumba cha nyuma. Kuna vipandio vitatu vya kushuka. Akavitazama kwa mbali, akasema haya.

Nimekwenda kwa Fundi. Ni mama mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta nyuma ya kituo cha mafuta, amevaa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Kulikuwa na wateja wanne. Akaniuliza mambo matatu bila kuinua kichwa. Je, kompyuta nimeiruhusu igawe muziki wake kwa vyombo vingine? Nikasema ndiyo. Je, ulinzi wa kompyuta hauzuii? Nikasema hauzuii. Je, kompyuta na mashine ya gemu viko kwenye mtandao mmoja? Nikasema ndiyo, Fundi, mimi si mtoto.

Jibu la kwanza lilikuwa uongo, kwa sababu sikujua anazungumzia nini. La pili hivyo hivyo. La tatu lina maelezo. Sebuleni tuna boksi la intaneti ambalo Dada alilifunga ili amwone Mama kwenye simu. Mashine ya gemu imeshika hapo, ila mawimbi yake hayafiki chumba cha nyuma. Lakini chumba cha nyuma kimepakana na nyumba ya Jirani, karani mstaafu, ambaye ameandika nenosiri la mtandao wake kwa herufi kubwa na kulibandika ukutani juu ya meza yake. Mwaka jana nilimshikia ngazi akisafisha dirisha. Macho hayana pazia. Tangu hapo kompyuta inakula kwa Jirani. Sasa hayo niyatangaze mbele ya wateja wanne? Isitoshe, intaneti ni intaneti. Maji ni maji, yawe ya bomba letu au la Jirani.

Fundi akasema basi, kama yote matatu ni ndiyo, mtambo ungekuwa unaimba sasa hivi. Wateja wakacheka. Nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua kuruhusu ni nini. Kuna mahali unaweka alama ya vema. Nimeweka. Nimekwenda mbio sebuleni. Haioni.

Nimezima ulinzi wa kompyuta. Mbio sebuleni. Haioni.

Nimezima vyote, nikawasha vyote. Kiberiti kimeanguka. Asubuhi yote imekwenda hapo.

Mchana nikapata wazo kwamba labda nyimbo zenyewe ndizo mbaya. Mwaka jana nilizihifadhi kwa namna ambayo kila moja ni kubwa kupita kiasi, na zote, mia tatu na kumi na nane, zinaitwa Bila Jina. Bila Jina 1, Bila Jina 2, na kuendelea. Nimeanza kuzigeuza ziwe nyepesi, moja moja. Mama aliita mara mbili tatu. Nilimjibu nakuja. Bila Jina 57 ilikuwa imekwama na sikuweza kuiacha. Nilipokwenda nikakuta chai yake imepoa mezani, mahali asipofikia. Akasema hakuwa na kiu sana.

Nilijisikia vibaya kabisa. Ndiyo maana nimefanya bidii, nikazimaliza zote.

Mashine bado haioni.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amekuja! Bila taarifa! Amesema alikuwa anapita tu. Nani anapita tu na bomba la chuma la mita moja na nusu? Ametoboa ukuta wa bafuni, amefunga kishikizo kando ya beseni, amening'inia hapo kwa uzito wake wote kukijaribu. Mama amekishika, akacheka. Sijamsikia Mama akicheka tangu alipoanguka. Mimi pia nilikuwa na mpango wa kufunga kishikizo. Upo kwenye daftari hili, ukurasa wa Januari.

Halafu akaja kusimama nyuma yangu chumba cha nyuma. Akatazama kiberiti. Akauliza, kwa ile sauti yake ya upole ambayo ingefaa hospitali, kama sina flashi. Kwamba nyimbo zikiwekwa kwenye flashi na flashi ikachomekwa kwenye mashine ya gemu, Mama atasikia leo leo.

Nikamwambia flashi ni ya wauza nyimbo wa stendi. Hapa tunajenga mtambo. Akasema sawa, shemeji, wewe ndiye unayejua.

Kumbe anajua kwamba ninajua! Flashi ipo, moja. Nikaona hatari wazi: nikienda msalani tu, huyu mtu atamaliza kazi yangu kwa dakika tano na Jumapili sifa zote ni zake. Mama ataambiwa mkwe ndiye aliyemrudishia mumewe. Kwa hiyo nikaificha flashi kwenye kopo la sukari.

Baada ya robo saa Shemeji akamtengenezea Mama chai.

Aliikuta flashi. Aliipangusa sukari, akaiweka juu ya meza mbele yangu, akaendelea kukoroga. Laiti angesema kitu. Nikaichukua na kuitia kwenye mfuko wa suruali, nikijifanya ndiyo nilikuwa naitafuta.

Alikaa na Mama mpaka saa kumi. Niliwasikia wakiongea. Sijui waliongea nini, nilikuwa nasoma maelezo ya mashine ya gemu, ukurasa wa tisini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mikosi. Nimeamka nikaazimia kutumia flashi, kwa siri, kama akiba tu. Suruali haipo. Suruali iko kambani. Niliiloweka mwenyewe jana jioni, nikaisugua na kuikamua kwa nguvu zote. Flashi imetoa maji na kipande kidogo cha povu. Nimeichomeka hata hivyo. Kimya.

Halafu intaneti ya chumba cha nyuma ikakatika. Nikachungulia. Karatasi ya Jirani haipo ukutani! Nikatoka kwenda kumsalimu, nikamuuliza kwa mbali kama mtandao unamsumbua. Akasema hapana, ila mpwa wake alimwona mgeni kwenye mtandao, mtu mmoja anayekula usiku na mchana, basi wakabadilisha nenosiri. Akaniuliza kama kwangu kuna tatizo hilo. Nikasema wezi wamezidi siku hizi. Akaitikia kwa kichwa muda mrefu mno.

Nimempigia Fundi. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikaungama yote: alama ya vema, ulinzi, Jirani. Akanijibu, mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kama mashine ya gemu iko kwenye nyumba moja na kompyuta iko kwenye nyumba nyingine, zitaonana vipi? Hata zikiita mchana kutwa, kila moja inaitikiwa na wa kwao. Niisogeze kompyuta kwenye boksi letu, basi.

Nikamwambia hilo nilikwisha kulifikiria. Akasema kuna jambo moja la mwisho la muhimu, kuhusu kompyuta kukaa bila kuguswa. Kwa sauti ile ile! Kama mwalimu anayemsomesha mtoro! Nikamwambia ahsante, yaliyobaki nayajua, nikakata simu.

Nimelibeba boksi la intaneti kutoka sebuleni, nikaliweka juu ya kigoda kwenye ujia, katikati. Kompyuta ikalinusa, ikalishika. Nikaenda sebuleni mbio.

INAONA!

Imeandika jina la kompyuta yangu kwenye kioo. Nilimkumbatia Mama na mkongojo wake. Akauliza kama sasa atasikia. Nikamwambia Jumapili, Mama. Jumapili mbele ya wote.

Nimekataa katakata kumshukuru Fundi. Boksi nililibeba mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Nimepunguza sauti mpaka sifuri ili nisiharibu shughuli ya kesho. Mama alikaa kwenye kiti chake akitazama majina yakipita kwenye kioo, Bila Jina 12, Bila Jina 13. Akaniuliza, kwa adabu, kama hawezi kusikia hata kidogo, hata mwanzo wake tu. Nikamwambia avumilie siku moja, mvumilivu hula mbivu. Akasema ameanza kusahau Baba alikuwa anakohoa vipi, kabla ya wimbo au katikati. Nikamwambia kesho ataambiwa na mwenyewe.

Baada ya dakika kumi na tano mtambo ukafa. Mashine ikaandika kwamba haioni kompyuta tena.

Nilikaribia kulia. Nimekwenda chumba cha nyuma: kompyuta imelala! Kioo cheusi, taa ndogo inapepesa kwa usingizi. Nikasogeza kipanya, ikaamka. Nikarudi sebuleni, muziki ukaendelea, bila sauti. Dakika kumi na tano, ikalala tena. Mara nne nimekwenda na kurudi. Kumbe ina tabia hiyo: usipoigusa, inadhani hakuna mtu nyumbani.

Lazima kuna mahali pa kuikataza. Fundi angejua. Simpigii, hata kwa dawa.

Mpango: feni. Nimefunga uzi kwenye wavu wa mbele wa feni inayogeuka kushoto na kulia, mwisho wa uzi nikaufunga kwenye kipanya. Feni inageuka, kipanya kinatambaa, kompyuta haipati usingizi. Nikakaa kuutazama mtambo wangu na nikafurahi kweli, peke yangu. Dakika ya sita uzi ukaingia kwenye mapanga. Kipanya kikapaa, kikapiga ukuta, kikarudi kikanipiga mimi kwenye jicho. Feni imevunjika panga moja. Kipanya kinafanya kazi kikiwa kimeshikwa kwa mkono.

Basi kesho kitashikwa kwa mkono. Nani alisema ushindi ni rahisi?

Nimemuuliza Mama atavaa nini kesho. Akasema nguo zake nyingi Dada alishazikunja Jumapili iliyopita.

Jumapili, 9 Machi

Walifika saa nane. Dada alitazama jicho langu lililovimba, akapita ndani. Nilimkalisha kila mtu. Nilitoa hotuba fupi kuhusu mtambo. Dada akanikatisha, akasema muda unakwenda. Nikampa Mama padi ya gemu, nikamwonyesha kitufe. Kidole chake kilikuwa kinatafuta. Akabonyeza.

Baba akakohoa.

Kisha gitaa. Ule wimbo wake wa polepole, anaouanza mara tatu kabla ya kuuweza. Dada alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Mama hakufanya kitu chochote, aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali na anataka ahakikishe kwanza. Akasema, "Kabla ya wimbo. Alikuwa anakohoa kabla." Nilisimama kando ya televisheni na sijawahi, katika maisha yangu yote, kujiona mtu kama nilivyojiona hapo. Ilikuwa kama dakika tatu.

Ndipo nikakumbuka kompyuta. Nikakimbia.

Nimekaa chumba cha nyuma saa mbili na nusu nikisogeza kipanya. Sikuthubutu kutoka. Dakika kumi na tano ni nyingi, lakini nani ajuaye kama haitabadili nia ikalala kwenye dakika ya kumi? Jambo kubwa kama hili huliachi mikononi mwa bahati. Nilikuwa nasogeza kila baada ya kuhesabu mpaka mia. Kupitia ukutani nilisikia gitaa, halafu Baba akimkaripia mtu kwa kupiga mlango. Mtu huyo nadhani ni mimi, nikiwa na miaka sita. Sebuleni wakacheka wote. Nilimsikia Mama akianza kueleza kitu kirefu, siku gani ile, mlango gani, na Shemeji akiuliza, na Mama akieleza tena. Nikataka sana kusikia. Nilikuwa nimefika sabini na nane. Nikaendelea kuhesabu.

Gitaa liliposimama nikangoja kidogo, nikatoka. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea. Shemeji alikuwa anapeleka mkoba wa pili kwenye gari.

Nikasema imefanya kazi! Wote mmesikia! Ahadi ni ahadi! Dada akasema ndiyo, imefanya kazi, hongera. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa. Alikuwa ameketi kwenye mkono wa kiti cha Mama na macho mekundu. Akasema si yeye, nimuulize Mama.

Mama aliniambia nikae. Nilikaa. Akasema mtambo ni mzuri sana, Mungu anibariki kwa kazi hii, hajui anilipe nini. Kisha akaninyooshea kola ya shati.

"Ila mwanangu, ile kaseti ilikuwa na upande wa pili," akasema. "Nusu saa tu, imekwisha. Naita, unakuja, unaigeuza. Unakaa kidogo. Unaniuliza kama miguu inauma. Unaondoka. Nusu saa tena, unakuja. Mimi wimbo naujua, baba. Nimeusikia miaka hiyo yote. Wiki hii nimekuita mpaka nikaona aibu, Jirani atasemaje."

Nikamweleza. Nikamwambia Mama, hii haina upande wa pili! Ndio uzuri wake! Hii inaweza kuimba siku tatu mfululizo na hakuna mtu wa kusumbuliwa!

Akasema anajua. Akanipa mkono nimwinue.

Shemeji alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine, mpaka kwenye gari. Ni mwepesi sana Mama, sikuwa nimejua. Dada akanikumbatia, jambo ambalo hajafanya tangu mazishi ya Baba, akasema niende wakati wowote, ni mwendo wa nusu saa. Gari liliondoka taratibu kwa ajili ya nyonga.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda kazini. Likizo imekwisha lakini sikwenda. Nimekaa kwenye kiti cha Mama. Hakijakaa sawa, kimezoea mtu mdogo. Nimewasha mashine nikacheza mpira na nikafungwa mabao matano na mashine yenyewe.

Chai nimetengeneza vikombe viwili kwa mazoea. Nimekunywa vyote viwili na vimeniumiza tumbo.

Nyumba ina kelele nyingi ikiwa tupu. Friji. Bati. Mimi mwenyewe nikipumua. Saa tisa alasiri nilijikuta nimesimama kwenye ujia nasikiliza kama kuna mtu ananiita. Hakuna. Nimelala mapema, huku bado kuna mwanga dirishani.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka nikiwa na akili mpya! Kosa nimeliona. Ajabu sikuliona mapema.

Kosa lilikuwa umbali. Mtambo wangu unafika hatua kumi na nne tu. Kama ungefika mpaka kwa Dada, Mama angekuwa huko na muziki ungetoka hapa, mambo yakaisha, hakuna wa kulaumiwa. Nimemuuliza muuza simu wa pale kona, anasema inawezekana: kompyuta inabaki chumba cha nyuma, muziki unapita kwenye intaneti, unatokea kwenye televisheni ya mtu mwingine hata akiwa ng'ambo. Mama hatabonyeza hata kitufe. Nitambonyezea mimi kutoka huku! Na uzuri wenyewe ni kwamba sitalazimika kwenda kumsumbua kila mara. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, hiyo ni saa nzima ya kazi inayopotea.

Nimempigia bosi, nimeomba siku saba nyingine za kumuuguza mama. Amesema niombe hata kumi na nne.

Sasa hivi kompyuta inapakia kitu kikubwa, imefika asilimia arobaini, na nimeshika kipanya ili isilale. Simu imeita mara mbili. Ni Mama. Sijapokea, mkono wangu mmoja una kazi na mwingine unaandika. Nitampigia mambo yakikaa sawa, labda Ijumaa.

Inaita tena.